Bunduki zinachomwa, risasi hazihesabiwi

Kila inapofika Septemba, mwezi ambao Umoja wa Afrika uliutenga kuwa wa kusalimisha silaha haramu, serikali za kanda yetu hutoa matangazo ya msamaha: atakayerudisha bunduki kwa hiari hatashtakiwa. Baada ya muda hufuata sherehe ya kuteketeza zilizokusanywa. Kenya ilichoma bunduki zaidi ya 5,000 huko Ngong Novemba 2016, na Juni 2021 ikateketeza nyingine zaidi ya 5,000. Na ulipofanyika mkutano wa nne wa mapitio ya Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ndogo, New York, Juni 2024, habari iliyovuma zaidi ilikuwa ya bunduki za plastiki zinazochapishwa kwa mashine za kompyuta. Habari zote hizi ni za kweli, lakini zinatufanya tupime mafanikio kwa kipimo kisichofaa. Ninachodai ni kwamba katika Afrika Mashariki biashara haramu ya silaha inaweza kubanwa haraka na kwa gharama nafuu kwenye risasi, na hasa risasi za serikali zenyewe, tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapofyatuliwa au kupotea. Makubaliano ya kimataifa yaliiacha risasi nje kwa kiasi kikubwa, tena kwa makusudi, kwa zaidi ya miaka 20. Mlango ulifunguliwa mwaka 2023, na hapa kwetu haukuzungumzwa kama ulivyostahili.

Tuanze na hesabu. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba kufikia mwisho wa 2017 dunia ilikuwa na bunduki zaidi ya bilioni 1. Milioni 857 kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa raia, milioni 133 zilikuwa za majeshi na milioni 23 hivi za polisi. Kwa Kenya makadirio yalikuwa bunduki 750,000 za raia, zenye leseni na zisizo na leseni. Weka 5,000 juu ya 750,000 uone: hazifiki hata 1 kwa kila 100. Tena bunduki inayochomwa mbele ya kamera kwa kawaida ilikwisha kutoka mtaani siku ilipokamatwa au kusalimishwa. Kazi ya moto ni kuizuia isirudi tena kupitia ghala. Kazi hiyo ina maana, mradi ifanywe sawasawa. Moto wa kuni na mafuta huunguza kitako cha mbao, lakini mtutu na sehemu nyingine za chuma zinaweza kubaki katika hali ambayo fundi atazitumia kutengenezea nyingine. Njia ya uhakika ni kukata kila kipande muhimu kwa gesi au kwa mkasi wa haidroliki, yaani mtutu, chemba, bolti na fremu, kisha kuyeyusha vyote tanuruni. Na kabla ya kukata, namba ya kila bunduki isomwe na kuandikwa, kwa sababu bunduki inayoharibiwa bila kusomwa namba inapotea pamoja na ushahidi wa ilikotoka.

Lakini hata tukifanya hayo yote kwa ukamilifu, tatizo la msingi halijaguswa. Bunduki ya familia ya AK iliyotengenezwa miaka ya 1960, ikifutwa na kupakwa mafuta, bado inapiga leo. Risasi hutumika mara moja tu. Mwenye bunduki haramu Pokot, Turkana au Karamoja alishamaliza kuinunua zamani, ila risasi lazima aitafute tena na tena, na kila anapoitafuta kuna mtu anayemuuzia. Ukitaka kuiona biashara hii ikitembea, fuata bidhaa inayonunuliwa kila mwezi.

Kwa nini basi mikataba haikuanzia hapo? Mpango wa Utekelezaji wa Julai 2001 haukuziwekea risasi wajibu wowote ulio wazi. Hati ya Kimataifa ya Ufuatiliaji, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2005, inazitaka nchi ziweke alama kwenye bunduki, zitunze kumbukumbu na zijibu maombi ya kufuatilia, lakini risasi haimo. Itifaki ya Silaha za Moto iliyoanza kutumika Julai 2005 inazitaja risasi katika leseni za kuuza nje na kuingiza, ila haidai ziwekwe alama. Mkataba wa Biashara ya Silaha uliopitishwa Aprili 2013 na kuanza kutumika Desemba 2014 unamtaka muuzaji apime hatari kabla ya kupeleka risasi nchi nyingine, lakini ibara inayohusu silaha kuangukia mikono isiyokusudiwa haizihusu risasi. Kenya, iliyokuwa miongoni mwa nchi saba zilizoasisi azimio la 2006 lililozaa mkataba huo, haikutia saini ulipofunguliwa. Katika mazungumzo yote haya Marekani ilisimama kidete kupinga risasi kuingizwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba risasi ni nyingi mno kuhesabika, zinatumika haraka kuliko kumbukumbu zinavyoweza kuandikwa, na kwamba idadi yake ni siri ya kijeshi. Kwenye mapitio ya 2018 aya zilizotaja risasi zilibidi kupigiwa kura, jambo lisilo la kawaida katika mchakato unaotegemea mwafaka, na Marekani na Israeli zikapiga kura ya hapana. Risasi zikaendelea kutafutiwa njia yake. Desemba 2023 Baraza Kuu likapitisha Mfumo wa Kimataifa wa usimamizi wa risasi na baruti katika maisha yake yote, kuanzia kiwandani hadi kuharibiwa. Ni wa hiari. Hauna mahakama wala adhabu. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza kuna maandishi yaliyokubaliwa na dunia yanayosema risasi zifuatiliwe katika kila hatua ya safari yake.

Upande wetu wa dunia tulikwenda mbele kwenye bunduki. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ilisainiwa Aprili 2004 na kuanza kutumika 2006, na kituo chake cha kanda, RECSA, chenye makao Nairobi na nchi wanachama 15, kiligawa mashine za kuweka alama. Mashine hizo hugonga chuma kwa sindano ngumu, nukta kwa nukta, zikiandika msimbo wa nchi, wa chombo kinachomiliki na namba. Kazi hii ilistahili kufanywa, na mafundi wanazijua shida zake: sindano huisha makali, umeme hukatika vituo vya mbali, bunduki za askari walio doria hukosa kufika, na kumbukumbu hubaki kwenye kompyuta moja isiyoongea na nyingine. Shida nyingine hutokea wakati wa kufuatilia. Askari anaandika “AK-47 ya Urusi” huku bunduki ni Type 56 ya China yenye alama ya kiwanda ndani ya pembetatu. Au ananakili namba iliyo kwenye bolti, ambayo huenda ilitoka bunduki nyingine, badala ya ile ya fremu. Au anaacha herufi za Kichina au za Kirusi kwa kuwa hazijui. Ombi linakwenda nchi isiyohusika, jibu linarudi kwamba haijulikani, na faili linafungwa. Mafunzo ya siku chache na picha nne za karibu kwa kila bunduki yangeokoa maombi mengi ya namna hiyo.

Ushahidi ulio mzito zaidi kuhusu risasi tunao tangu 2008, nao ulitoka hapa hapa. Utafiti wa Small Arms Survey katika Turkana Kaskazini ulilinganisha risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji na zile za vikosi vya serikali, ukaona kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka isivyo halali eneo lile zilitoka kwa polisi wa Kenya. Risasi zenyewe zilitengenezwa Eldoret, katika kiwanda cha serikali. Msomaji akiishia hapo atadhani ni hadithi ya rushwa peke yake, kumbe ilikuwa zaidi ya hiyo. Serikali haikuwa na askari wa kutosha kuwalinda Waturkana dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo ya mipaka ya Sudan na Uganda, kwa hiyo iliwapa polisi wa akiba bunduki na risasi wajilinde. Polisi hao wa akiba walikuwa wa kujitolea, bila mshahara. Risasi iliyotolewa kwa ulinzi wa kijiji haikuwa na daftari la kuirudisha. Ikapewa ndugu, ikabadilishwa kwa mbuzi, ikavuka mpaka. Uvujaji ulianzia kwenye uamuzi wa kiserikali uliofanywa kimyakimya, na kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa operesheni ya kuwanyang'anya wafugaji.

Ili kuelewa kwa nini uvujaji huo ni mgumu kumshika nao mtu, lazima tuiangalie risasi yenyewe. Ganda lake huanza kama kikombe kidogo cha shaba iliyochanganywa na zinki. Mashine hukivuta kwa hatua kadhaa hadi kiwe kirefu, kisha chuma kigumu hugonga kitako chake na kuacha alama: mara nyingi msimbo wa kiwanda na tarakimu za mwaka, wakati mwingine na kipimo cha risasi. Namba ya toleo, ile inayofanana kazi na namba ya toleo kwenye pakiti ya dawa, haipo hapo. Iko kwenye sanduku na kwenye pakiti za ndani. Siku mtunza ghala anapofungua sanduku na kugawa risasi kwa vituo, namba hubaki kwenye kasha linalotupwa. Mpelelezi akiokota ganda mahali ng'ombe walipoibwa na watu kuuawa, anajua kiwanda na mwaka, basi. Mwaka ule kiwanda kiliuzia jeshi, polisi, magereza na walinzi wa wanyamapori. Nani aulizwe?

Brazil ilijibu swali hilo kwa sheria. Sheria namba 10.826 ya Desemba 2003 inadai risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama ziwe na msimbo wa toleo kwenye ganda lenyewe. Msimbo huandikwa kwenye mfereji mwembamba ulio juu kidogo ya kitako, na kanuni zikaweka kikomo cha risasi 10,000 kwa toleo. Agosti 2011 jaji Patrícia Acioli, aliyekuwa akisikiliza kesi za mauaji yaliyofanywa na polisi, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake Niterói. Maganda yalionyesha toleo lililonunuliwa na polisi wa kijeshi wa jimbo la Rio de Janeiro, sehemu yake ikiwa imepelekwa kikosi cha São Gonçalo. Polisi 11 walihukumiwa. Machi 2018 diwani Marielle Franco alipouawa pamoja na dereva wake, maganda yalisomeka UZZ18, toleo lililouzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka 2006. Lakini safari hii njia iliishia gizani, kwa sababu toleo hilo lilikuwa kubwa kupita kikomo maradufu kwa maradufu na lilikuwa limesambazwa nchi nzima; maganda ya UZZ18 yalikuwa yameonekana pia kwenye mauaji ya Osasco na Barueri mwaka 2015. Kesi hizi mbili, nchi moja na sheria moja, zinatosha kutufundisha ufundi wote: alama inafanya kazi toleo likiwa dogo na likaenda mahali pamoja, na inashindwa toleo likiwa kubwa na likachanganywa. Afrika Magharibi nayo ilishaandika wajibu huu. Mkataba wa ECOWAS wa 2006, ibara ya 18, unataka risasi ziwe na namba ya toleo kwenye ganda na kwenye pakiti ndogo kabisa.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Wanasema risasi zilizopo tayari zitadumu miongo kadhaa zikihifadhiwa pakavu, kwa hiyo alama za leo zitaonekana mtaani baada ya muda mrefu. Ni kweli kwa risasi zilizomo kwenye makasha yaliyofungwa. Ila mnunuzi wa kijijini hununua chache, huzibeba kwenye jasho na vumbi, na huzitumia. Polisi nao hutoa mpya mara kwa mara. Kwa hiyo risasi zenye alama zingeanza kuonekana mapema kuliko inavyodhaniwa, na zingeanza pale hasa uvujaji ulipo mpya. Wengine wanasema risasi nyingi za AK zinazozunguka zilitengenezwa Sudan au China na hazitakuwa na alama yetu. Nakubali. Lakini ukishatenganisha za kwako kwa uhakika, unajua ni ngapi zinazotoka nje, na unaweza kwenda kwa jirani ukiwa na takwimu mkononi. Hoja ya siri ya kijeshi inajibika kirahisi: msimbo ni herufi na tarakimu tu, na ufunguo wake unabaki kwa kiwanda na kwa mwenye mali.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi majukwaani: kwamba silaha zote zinatoka Somalia na Sudan Kusini, mipaka ni mirefu, na hatuna la kufanya zaidi ya kuongeza doria. Utafiti wa 2008 unaikanusha moja kwa moja. Kipimo cha risasi nacho kinaikanusha. Bunduki ya G3 inayotumiwa na polisi wa Kenya hula risasi ya milimita 7.62 kwa 51, ilhali AK iliyoenea ng'ambo ya mipaka hula ya 7.62 kwa 39, na moja haifai kwenye chemba ya nyingine. Mfugaji mwenye G3 analishwa na ghala la aina ile ile ya bunduki. Na hata huko Somalia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti mara kwa mara silaha zilizoingizwa kihalali kwa ajili ya serikali zikiuzwa Mogadishu. Kambi ya El Adde ilipovamiwa Januari 2016, silaha na risasi za jeshi la Kenya ziliangukia al-Shabaab. Goma ilipotekwa Januari 2025, yaliyokuwamo kwenye maghala ya jeshi la Kongo yalipata mwenyewe mpya. Mara nyingi mkondo unatoka kwa serikali kwenda kwa wasio serikali. Bunduki ya plastiki haibadilishi hesabu hii, maana nayo inahitaji risasi, na fataki ya kitako, ile inayowasha baruti, pamoja na baruti yenyewe si vitu vinavyochapishwa.

Kinachonipa matumaini ni kwamba uwezo uko mikononi mwetu kuliko tunavyodhani. Kenya ina kiwanda Eldoret, Uganda ina cha Nakasongola, Tanzania ina Shirika la Mzinga pale Morogoro. Hakuna haja ya kusubiri mwafaka wa New York kumwambia meneja wa kiwanda chako mwenyewe aongeze mashine ya leza mwishoni mwa mstari. Kwa risasi zinazoagizwa nje, kifungu kimoja kwenye mkataba wa ununuzi kinatosha: msimbo kwenye kila ganda, toleo lisizidi 10,000, na orodha ya matoleo ije pamoja na mzigo. Muuzaji asiyetaka apishe mwingine.

Kazi ngumu iko ghalani. Toleo moja lipelekwe kituo kimoja, na la zamani litumike kwanza. Askari anapokwenda doria, daftari liandike idadi na toleo, na anaporudi lihesabiwe tena mbele ya mtu wa pili. Risasi zilizofyatuliwa ziandikiwe taarifa siku hiyo hiyo. Uwanja wa shabaha ndipo panapovuja kwa urahisi kuliko vita: kwenye karatasi kila kuruta amepiga 50, uwanjani amepiga 20, na 30 zimeondoka mfukoni. Dawa yake ni kukusanya maganda yote na kuyapima kwa mizani kabla kikosi hakijaondoka, kwa kuwa maganda ya kipimo kimoja yana uzito unaokaribiana sana. Ukaguzi wa mwaka ufanywe na watu wa wilaya nyingine, bila taarifa, na masanduku yafunguliwe. Ghala linalohesabiwa kwa kutazama lebo litaonekana limejaa hata likiwa na masanduku ya mchanga. Mwenye ufunguo asiwe ndiye mwenye daftari.

Daftari hilo lina faida nyingine ambayo wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa. Mabomu yalilipuka kwenye maghala ya jeshi Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Brazzaville, Machi 2012, walikufa zaidi ya 200. Baruti huwekewa kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, kwa kasi zaidi penye joto. Anayejua kila toleo lina umri gani na liko wapi anaweza kuchukua sampuli, kulipima na kuliharibu kabla halijajiwasha. Asiyejua huwa analinda rundo asilolijua, katikati ya nyumba za watu.

Kuna mambo mawili ambayo serikali zikiyakwepa, mpango mzima utageuka kuwa madhara. La kwanza ni ulinzi. Kenya ilipowanyang'anya polisi wa akiba bunduki mwaka 2019 kwa sababu zilikuwa zikitumiwa vibaya, vijiji vya Bonde la Ufa vilibaki wazi, uvamizi ukaendelea, na baadaye serikali ikalazimika kuajiri wa akiba upya. Ukibana risasi bila kumweka mlinzi, mfugaji atanunua kwa mfanyabiashara wa magendo, kwa bei kubwa zaidi, na utakuwa umemtajirisha uliyetaka kumzuia. Kwa hiyo polisi wa akiba walipwe posho inayoeleweka, na risasi zao ziwe kwenye daftari lile lile la kituo. La pili ni namna ya kumshughulikia askari aliyepoteza risasi. Leo askari akiangusha magazini akivuka mto usiku, anajua ataadhibiwa sawa na aliyeuza, kwa hiyo atatafuta za kujazia kabla ya asubuhi, na atazipata kwa yule yule mfanyabiashara. Kanuni ziweke tofauti iliyo wazi: atakayeripoti ndani ya saa 24 ahojiwe na asikatwe mshahara, na namba ya toleo iingie papo hapo kwenye orodha ya zilizopotea; ganda lenye namba isiyoripotiwa likionekana kwenye tukio, kituo kizima kijieleze, kuanzia mkuu wake.